Kwenda Bondeni kutembea: hatari iko njiani

Anayekwenda Afrika Kusini, tunakokuita Bondeni, kwa mara ya kwanza huuliza: Johannesburg ni salama? Swali hilo halijibiki, kwa sababu jiji lile si mahali pamoja. Katika mwaka wa takwimu wa polisi 2022/23 waliuawa watu zaidi ya 27,000 nchi nzima, na sehemu kubwa ya mauaji hayo hutokea kwenye vitongoji ambavyo watalii hawafiki. Mgeni wa likizo anasumbuliwa zaidi na wakwapuaji wa simu, matapeli wa ATM, wavunja vioo vya magari, na mara chache watu wenye bastola wanaotaka gari. Ukichunguza wanakopatikana, utaona ni palepale: kati ya uwanja wa ndege na nyumba, kati ya mashine ya fedha na usafiri, kwenye taa nyekundu, mbele ya geti. Ndani ya hoteli yuko salama, ndani ya jumba la maduka kwa kawaida yuko salama. Anaporwa njiani. Kwa hiyo kujilinda Bondeni ni kupanga vipande vya njia kimoja kimoja, kabla hujavikanyaga.

Saa ya kufika

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi uwanja wa OR Tambo, Johannesburg, ni mwendo wa saa nne hivi. Tafuta ndege inayotua kabla ya saa 9 alasiri, hata kama ya usiku ina nauli nafuu. Sababu ni jua. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa 12 na dakika kadhaa mwaka mzima, na tukienda kusini tunabeba mazoea hayo. Johannesburg mwezi Juni jua linazama kama saa 11:25 jioni. Desemba linazama karibu saa 1 usiku, na Cape Town mwezi huohuo ni karibu saa 2 usiku. Ukiambiwa uwe ndani kabla ya giza, jua kwanza giza la mwezi huo linaingia saa ngapi. Saa zao pia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha.

Wezi wa OR Tambo wana mtindo wao unaojulikana: wanamfuata msafiri kwa gari kutoka uwanjani na kumpora anaposubiri geti lifunguliwe. Humchagua mapema, ndani ya ukumbi wa wanaowasili. Anayehesabu noti dirishani pa kubadilishia fedha amejitangaza. Aliyevaa dhahabu vilevile. Badilisha kidogo tu pale, au usibadilishe kabisa. Vito viwe ndani ya begi la mkononi tangu kwenye ndege, na kompyuta isiingie kamwe kwenye mzigo unaokwenda chini.

Ukikaa maeneo ya Sandton au Rosebank, panda treni ya Gautrain. Kituo kiko palepale uwanjani, Sandton ni kama dakika 15, na nauli ya kutoka uwanjani ni zaidi ya rand 200. Ni ghali kuliko treni yoyote tuliyoizoea, lakini gari haliwezi kumfuata mtu aliye kwenye treni, na kwa sababu hiyo naona inafaa kila senti. Unagusa kadi yako ya benki kwenye lango, kila abiria na kadi yake. Usile wala usitafune bazoka ndani, ni marufuku. Treni hazikeshi, kwa hiyo angalia ratiba ya siku hiyo. Ukifika Sandton usitoke nje kusimama barabarani na begi: ita gari ukiwa ndani ya kituo, utoke likishafika.

Neno moja linaponza wengi. Kule "taxi" ni daladala, yaani matatu. Ukimwuliza mtu wa mtaani pa kupata taxi, atakuelekeza kwa nia njema kabisa kwenye kituo cha vibasi. Vibasi hivyo vina lugha yake: kidole cha shahada juu maana yake unakwenda katikati ya jiji la Johannesburg, nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na kwa kawaida hakuna kondakta. Si usafiri wa siku ya kwanza kwa mtu mwenye begi. Unachotaka ni Uber au Bolt. Linganisha namba ya gari na sura ya dereva kabla ya kugusa mlango, na umwulize yeye, "Umekuja kumchukua nani?" Usimtajie jina lako kwanza. Washa namba ya uthibitisho wa safari kwenye programu, kaa kiti cha nyuma, tuma ufuatiliaji wa safari kwa mtu wa nyumbani. Baadhi ya vituo na majumba ya maduka yana uhasama wa miaka mingi kati ya madereva wa vibasi na hawa wa programu, na magari yamewahi kuchomwa moto. Dereva akikuomba mkutane sehemu iliyowekwa alama badala ya mlangoni, mfuate, anajua anachokwepa. Sehemu hiyo ikiwa giza au haina watu, futa safari uite nyingine.

Simu ndiyo benki yako, na wao wanajua

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na kazi yote inafanyika nyumbani siku mbili tatu kabla ya safari. Simu ikikwapuliwa Long Street, katikati ya Cape Town, hasara si bei ya simu. Hasara ni akaunti inayofunguka kwa ujumbe mfupi.

Anza na laini. Weka namba ya siri ya laini yenyewe, si ya simu tu. Bila hiyo mwizi anachomoa laini yako, anaiweka kwenye simu nyingine, na ujumbe wa uthibitisho wa benki unaingia kwake. Ukikosea namba hiyo mara tatu laini inafunga na kudai PUK, namba ndefu ya kuifungulia, basi iandike PUK kwenye karatasi kabla. Kisha zima maandishi ya ujumbe yanayoonekana simu ikiwa imefungwa. Watu wengi wanafunga simu kwa alama ya kidole huku namba ya benki inasomeka juu ya kioo kama tangazo.

Kwa iPhone, kuanzia iOS 17.3 ya Januari 2024, kuna ulinzi wa kifaa kilichoibwa: ukiwashwa, kubadilisha nenosiri la akaunti kunadai uso au kidole na kungoja saa nzima. Uweke ufanye kazi kila mahali, kwa sababu hoteli uliyokaa muda mrefu simu inaweza kuihesabu kuwa mahali unapopazoea. Kwa Android, fungua sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi kwenye mipangilio ya Google, uwashe kufunga simu inapohisi imenyakuliwa na pia kufunga ukiwa mbali. Bonyeza *#06# unakili IMEI, namba inayotambulisha simu yako.

Sasa fedha. Shusha kiwango cha juu cha kutoa na kutuma kwa siku kwenye programu ya benki, kiwe kile cha matumizi ya siku mbili. Kuna uporaji ambao mtu anashikwa kwa saa kadhaa na kulazimishwa kutuma fedha kwa simu, na kiwango kidogo ndicho kinachofupisha saa hizo. Bora zaidi ni akaunti ya pili yenye fedha za safari pekee, kadi yake ndiyo uende nayo, ya mshahara ibaki nyumbani. Usitegemee M-Pesa kule: Vodacom ya Afrika Kusini iliifunga huduma hiyo mwaka 2016. Na usidanganywe na majina yanayofanana. Kuona bango la Absa Rosebank hakumaanishi tawi lile linaweza kuzuia kadi ya Absa ya Dar es Salaam au Nairobi. Anayeweza ni benki yako ya nyumbani, kwa namba yake ndefu inayoanza na +255 au +254. Namba fupi za huduma kwa wateja hazikufikishi huko ukiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine. Andika namba ndefu kwenye karatasi, pamoja na ya bima, ya hoteli na ya ndugu mmoja. Karatasi hiyo ikae mbali na simu.

Nenda na simu mbili. Ndogo ya bei nafuu iwe na laini ya kule, ramani na programu ya kuita gari. Kubwa yenye benki ibaki kwenye kasiki ya chumba. Laini ya kule inasajiliwa kwa sheria iitwayo RICA, kwa pasipoti na anwani unakokaa, basi nunua kwenye duka rasmi, si kwa mtu anayetembeza laini zilizokwisha kusajiliwa. Na beba kiunganishi cha plagi: soketi zao nyingi ni za pini tatu nene za duara, chaja zetu za pini bapa haziingii. Linaonekana dogo, lakini simu iliyozimika saa 3 usiku ndiyo inayomfanya mtu aamue kutembea kwa miguu.

Kwenye ATM

Tumia mashine iliyo ndani ya benki au ndani kabisa ya jumba la maduka, mchana. Mtego wa kawaida ni huu: kadi inakwama, mtu nadhifu anatokea na kusema bonyeza hapa, ingiza tena namba ya siri. Ameshaweka kitu kwenye tundu la kadi, na sasa anasoma vidole vyako. Mwingine hubadilishana kadi nawe kwa wepesi wa ajabu, unaondoka na kadi ya mtu. Usipokee msaada wa yeyote, hata aliyevaa sare. Kadi ikimezwa usiondoke; piga simu benki ukiwa umesimama palepale.

Cape Town katikati ya jiji wana utapeli wao. Mtu mwenye kitambulisho shingoni anakusimamisha, anasema barabara imefungwa kwa shughuli fulani, huwezi kupita bila kibali, na kibali kinachapishwa kwenye ATM ile pale. Hakuna kibali cha kutembea barabarani Afrika Kusini. Endelea kutembea, ingia dukani.

Kwa sababu kila unapotoa fedha unakatwa, watu hutoa nyingi mara moja, kisha wanatembea nazo. Kutoa mara moja si kosa, ila toka hapo kwa gari hadi chumbani. Unapozunguka, mfuko wa mbele uwe na rand 200 au 300 za noti ndogo. Hizo ndizo za kutoa ukikabwa. Toa mara moja, usibishane, usimkazie macho.

Ukikodi gari

Wanaendesha kushoto kama sisi, na hilo linampa mtu ujasiri asioustahili. Taa za barabarani wenyewe wanaziita "robot", na kwenye robot ndipo vioo vinapovunjwa. Wanatumia vipande vya kauri ya plagi ya injini: kauri ni ngumu kiasi kwamba kipande kidogo kikirushwa, kioo cha pembeni kinasambaratika chote. Kisha mkono unaingia kuchukua begi lililo kwenye kiti. Omba kampuni ikupe gari lenye utando maalumu kwenye vioo. Kioo kitapasuka lakini kitashikana, na mwizi hana sekunde za kukisukuma. Begi na koti viingie kwenye buti kabla ya kuondoka. Ukivihamisha pale unapoegesha, anayekuangalia ameona kilipokwenda.

Ukisimama nyuma ya gari, acha nafasi ya kuona matairi yake ya nyuma yakigusa lami. Nafasi hiyo inakuruhusu kukata kona na kutoka bila kurudi nyuma. Usiku punguza mwendo ukiwa mbali, ili taa igeuke kijani kabla hujafika.

Kwenye maegesho kuna wanaozuia mawimbi ya rimoti. Unabonyeza, unaondoka, gari halikujifunga. Vuta kitasa kwa mkono kila mara, kila mlango. Walinzi wa magari wenye vizibao vinavyong'aa ni jambo la kawaida kule. Wape rand 5 hadi 10 unapoondoka, si unapofika.

Getini usijifungie mwenyewe kati ya geti na barabara. Simama barabarani sambamba na ukuta, ngoja lifunguke lote, ingia, ngoja lifunge. Kama kuna gari limekufuata kona tatu, pitiliza hadi kituo cha mafuta chenye watu au kituo cha polisi.

Usiku kwenye barabara kuu, mawe na vyuma huwekwa ili tairi lipasuke na dereva asimame. Tairi likipasuka, endelea taratibu hadi kituo cha mafuta hata rimu ikiharibika. Rimu inalipwa. Na ukiwashiwa taa za buluu na gari usilolitambua, washa taa za dharura, punguza mwendo, onyesha kwa mkono kwamba unaelekea mahali penye mwanga. Kuna majambazi wanaojifanya polisi. Askari wa kweli ana kitambulisho cha kazi na atakuonyesha ukimwomba. Faini usitoe mkononi. Mwambie akuandikie karatasi au muende kituoni.

Wakikufikia na silaha, gari ni lao. Mikono ionekane, sema kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: "Nafungua mkanda." Mkono mmoja unafungua, mwingine uko juu. Ufunguo uache ulipo. Kama kuna mtoto nyuma, hilo ndilo neno la kwanza kutoka kinywani.

Mweusi mwenzao, lakini mgeni

Miongozo mingi ya usalama imeandikwa kwa Mzungu, na kwetu inapungukiwa. Mtanzania au Mkenya mtaani Johannesburg haonekani mtalii mpaka atoe simu au afungue mdomo. Hiyo ni nafuu, na tena ni mzigo. Utasemeshwa Kizulu, na kutokujibu kunaweza kuchukuliwa vibaya. Jifunze machache: "Sawubona" kwa mtu mmoja, "Sanibonani" kwa wengi, "Dumela" kwa Wasotho na Watswana, "Molo" kwa Waxhosa kule Cape, na "Angisazi isiZulu", sijui Kizulu. Mtu anayesalimu kwanza anasikilizwa.

Ila salamu zetu ndefu ziache nyumbani. Kwetu kumpita mtu aliyekusalimu ni utovu wa adabu, na mkwapuaji anaitegemea adabu hiyo: mmoja anakupa mkono au kukuuliza saa, mwenzake anashughulika na mfuko. Jibu huku unatembea.

Mashambulizi dhidi ya Waafrika wa nje yametokea kweli. Yale ya Mei 2008 yalianzia kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, na kuua watu zaidi ya 60. Yakaja ya 2015 na 2019. Kikundi cha Operation Dudula, kilichoanzia Soweto mwaka 2021, huandaa maandamano dhidi ya wahamiaji. Fuatilia habari za redio asubuhi, na siku ya maandamano usiende katikati ya jiji. Mabishano kuhusu kazi na wageni usiyaingie, hata kwa utani, hata kama mwenzako anacheka.

Polisi wanaweza kukudai karatasi. Tembea na nakala ya ukurasa wa pasipoti na ya mhuri wa kuingia, zilizothibitishwa na kituo cha polisi, wanathibitisha bure. Wako askari watakaotaka ya asili. Waombe mpige simu hotelini au mfuatane hadi huko, kwa sauti ya kawaida.

Soweto nenda, na usiogope: mtaa wa Vilakazi, walipokaa Mandela na Tutu, na jumba la kumbukumbu la Hector Pieterson, mwanafunzi aliyeuawa na polisi mwaka 1976, vinahitaji nusu siku, mchana, na mwongozaji wa palepale. Hillbrow, Berea na Joubert Park, karibu na katikati ya Johannesburg, usitembee bila mwenyeji. Mabasi ya mikoani yanaanzia Park Station. Uingie na kutoka kwa gari mlangoni, kwa sababu wezi wako nje.

Cape Town kwa kifupi

Uwanja wa ndege na jiji vinaunganishwa na barabara ya N2. Baki humo. Ramani ya simu ikikupa njia ya mkato kupitia kitongoji cha Nyanga, ikatae. Wageni wamepigwa risasi kwa kuitii. Mafuta ya kurudishia gari jaza upande wa mjini, ili usianze kutafuta kituo karibu na uwanja.

Mlimani, Table Mountain na Lion's Head, watu huporwa kwenye njia zenye upweke. Mwende wanne au zaidi, muanze jua likishatoka, na msitegemee gari la kamba kuwashusha, kwani upepo ukizidi linafungwa nanyi mnajikuta mnateremka kwa miguu njia ya Platteklip Gorge gizani. Hifadhi namba ya dharura ya jiji, 021 480 7700. Usiku, kutoka Waterfront hadi Long Street ni kwa gari, ingawa ramani inaonyesha ni karibu.

Ukishaporwa

Kwanza ingia mahali penye watu na mlango. Polisi ni 10111, gari la wagonjwa 10177, na kwa simu ya mkononi 112 inakwenda kote. Baada ya hapo fuata mpangilio huu: azima simu, zuia kadi, zuia laini, kisha funga simu yako ukiwa mbali. Wengi huanza kwa kuitafuta simu kwenye ramani, na dakika hizo ishirini ndizo zinazomaliza akaunti. Ikionekana kwenye ramani usiifuate mwenyewe.

Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ndani ya saa 24, kwa sababu bima nyingi zinadai hivyo. Taja IMEI. Usikubali kuondoka na maneno matupu. Unachohitaji ni namba ya kesi, wanaiita CAS. Bila namba hiyo bima hailipi, na ubalozi utakurudisha uende ukaitafute. Pasipoti ikipotea, balozi za Tanzania na Kenya ziko Pretoria, si Johannesburg wala Cape Town, basi acha siku mbili za kazi kabla ya ndege yako kwa ajili ya hati ya dharura, na hapo ndipo ile nakala iliyothibitishwa inapookoa muda. Namba ya kesi polisi huituma kwa ujumbe wa simu. Kama simu ndiyo iliyoibwa, waandikishe namba ya mwenzako au ya mapokezi ya hoteli, na uombe pia waiandike kwenye karatasi kabla hujatoka.